Insha ya Kila Wiki na Msomaji Wake: Zoezi la Uandishi wa Kiingereza katika Mwambao wa Ziwa Viktoria, kutoka Maseno hadi Chuo Kikuu

1.0 Utangulizi

Katika idara za lugha na fasihi za vyuo vikuu vya Kenya yapo malalamiko ambayo yamedumu kuliko mtaala wowote: kwamba mwanafunzi huingia chuoni hajui kuandika Kiingereza, na pengine hutoka vilevile alivyoingia. Malalamiko hayo huandamana na tiba moja, nayo ni insha ya kila wiki. Mwanafunzi apewe mada mwanzoni mwa juma, aandike kurasa mbili au tatu, azikabidhi kabla ya juma kwisha, mwalimu azisahihishe kwa kalamu nyekundu, na juma linalofuata kazi ianze upya. Wanaoipendekeza tiba hiyo huizungumzia kama jambo lisilohitaji maelezo, sawa na mkulima kupalilia shamba lake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba zoezi hilo lina historia, na kwamba historia yake ina mafunzo kwa mhadhiri wa leo. Uchunguzi umejikita katika mwambao wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, yaani Kisumu, Maseno, Gem na Asembo. Eneo hilo si kubwa, lakini limekuwa na shule ya misheni tangu mwanzoni mwa karne ya 20, likapeleka vijana wake Makerere, likapokea kituo cha masomo ya nje cha chuo cha Nairobi, na hatimaye likapata chuo kikuu chake lenyewe. Kwa hiyo hatua zote za zoezi hili zinaweza kufuatwa mahali pamoja.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba wingi wa mazoezi peke yake haukumfanya mtu kuwa mwandishi. Zoezi la kila wiki lilizaa maandishi yenye uhai pale ambapo maandishi hayo yalikuwa na msomaji mwingine zaidi ya msahihishaji. Pale msomaji huyo alipotoweka, zoezi lilibaki kuwa ada tu, na lawama zikamwangukia mwanafunzi.

2.0 Asili ya Zoezi

Neno insha lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako lilihusu utungaji kwa jumla na hasa sanaa ya makatibu waliotunga nyaraka za watawala. Tangu asili, basi, neno hili lilibeba wazo la maandishi yanayopelekwa kwa mtu. Waraka usio na wa kupelekewa haukuwa waraka.

Katika nchi zinazosema Kiingereza, ufundishaji wa utungaji ulipata nafasi chuoni kwa njia mbalimbali. Huko Edinburgh, Hugh Blair aliteuliwa mwaka 1762 kuwa profesa wa balagha na fasihi. Wanafunzi wake wengi walikuwa Waskoti waliotaka kuandika Kiingereza cha London, lugha ambayo haikuwa hasa ile waliyoisema nyumbani. Katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, mtihani wa kuandika Kiingereza uliwekwa mwaka 1874 kuwa sharti la kuingia chuoni. Matokeo yalipowasikitisha walimu, chuo kikaanzisha kozi ya lazima ya utungaji, na katika miaka ya 1880 Barrett Wendell akawa mashuhuri kwa kuwataka wanafunzi wake waandike kila siku. Lalamiko kwamba vijana hawajui kuandika, kwa hiyo, halikuzaliwa Afrika, wala halikuwahusu kwanza watu waliojifunza Kiingereza kama lugha ya pili.

Katika vyuo vya Oxford na Cambridge, mwanafunzi aliandika insha yake ya wiki, akaenda nayo kwa mwalimu wake, akaisoma kwa sauti mbele yake, wakajadiliana. Mwalimu alikuwa msikilizaji kabla ya kuwa msahihishaji. Mkondo wa Harvard, kwa upande mwingine, ulihusu marundo ya karatasi yaliyokusanywa, kusahihishwa na kurudishwa. Mikondo yote miwili ilifika Afrika ya Mashariki. Ule wa marundo ulikuja kupitia shule na mitihani ya cheti iliyotoka Cambridge. Ule wa mazungumzo ulikuja baadaye, kupitia Makerere. Tofauti baina ya mikondo hiyo ndiyo itakayosaidia kueleza mengi katika sehemu zinazofuata.

3.0 Maseno na Kalamu ya Madai

Reli ya Uganda ilifika ufuoni mwa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence na baadaye Kisumu, mwezi Desemba mwaka 1901. Miaka mitano baadaye, mwaka 1906, wamisionari wa Church Missionary Society wakiongozwa na J. J. Willis walianzisha kituo Maseno, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Shule iliyofunguliwa hapo ilikusudiwa kwanza kuwafunza wana wa machifu, na ratiba yake ilichanganya dini, kusoma, kuandika na kazi za mikono.

Mwaka 1908 wanafunzi wa Maseno waligoma. Walilalamika kwamba walikuja kujifunza kusoma na kuandika, si kufanya kazi za sulubu. Tukio hilo hutajwa mara nyingi katika historia ya siasa za Nyanza, lakini lina maana pia katika historia ya uandishi. Linaonyesha kwamba vijana hao hawakuhitaji kubembelezwa ili waandike. Waliona wazi kwamba karani, mkalimani na mwalimu walikuwa na uwezo ambao baba zao, pamoja na mifugo na mashamba yao, hawakuwa nao mbele ya serikali mpya. Kuandika kulikuwa njia ya kusikika.

Ushahidi ulionekana baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Desemba mwaka 1921, mkutano mkubwa ulifanyika Lundha katika Gem, na hapo ikazaliwa Young Kavirondo Association, ambayo wananchi waliijua zaidi kwa jina la Piny Owacho, yaani nchi imesema. Viongozi wake, akiwamo mwenyekiti Jonathan Okwiri, walikuwa zao la elimu ya Maseno. Walipinga kodi kubwa, kipande, kambi za kazi, na hatua ya mwaka 1920 ya kuigeuza nchi kutoka himaya ndogo iliyolindwa hadi koloni kamili. Miongoni mwa madai yao ilikuwamo shule ya serikali. Madai hayo yalipangwa na kuwekwa katika maandishi ili yafikishwe kwa maofisa wa utawala na gavana.

Kwa mtazamo wa mhakiki, waraka wa madai ni utanzu wa nathari wenye masharti makali. Mwandishi wake anapaswa kumjua msomaji wake, kupima heshima na ujasiri, kupanga hoja kwa mfuatano, na kutoa mifano isiyoweza kukanushwa. Kosa la sarufi linaweza kusamehewa, lakini hoja iliyolegea haisamehewi. Nafasi ya kujifunza masharti hayo haikuwa darasani peke yake. Vijana wa Maseno walijifunza herufi na sarufi shuleni, na wakajifunza hoja katika mikutano ya Lundha na kwingineko.

Mwaka 1923 chama hicho kiligeuzwa kuwa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, chini ya urais wa Shemasi Mkuu W. E. Owen. Owen mwenyewe alikuwa mwandishi hodari wa barua, na barua zake kuhusu dhuluma za kikoloni zilichapishwa hata katika gazeti la Manchester Guardian nchini Uingereza. Chini yake chama kilielekezwa zaidi katika ustawi wa jamii, kama vile kuchimba vyoo na kuua panya. Wanahistoria wamejadili kama hatua hiyo ilikiokoa chama au ilikitia ubaridi. Kwa upande wa uandishi, jambo moja ni dhahiri: kati ya mwandishi Mwafrika na msomaji wake pakaingia mtu wa tatu, mwenye nia njema, aliyeamua kipi kifae kuandikwa na kwa sauti gani. Nafasi hiyo ya mtu wa tatu ndiyo ambayo baadaye ingeshikwa na msahihishaji.

Oginga Odinga, aliyesoma Maseno na Alliance kisha Makerere, na akarudi Maseno kufundisha, alilielewa jambo hilo vizuri. Alipoanzisha Luo Thrift and Trading Corporation mwaka 1947, shirika hilo halikukomea katika biashara ya maduka na majengo, bali liliingia pia katika uchapaji. Aliyemiliki mtambo wa kuchapa hakuhitaji kuomba ruhusa ya kumfikia msomaji.

4.0 Makerere: Insha Iliyotoka Darasani

Kabla ya mwaka 1902 eneo la Kisumu lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, na hata baada ya mpaka kuhamishwa, meli za ziwani ziliendelea kuiunganisha Kisumu na Port Bell. Kwa kijana wa Nyanza aliyefaulu, elimu ya juu ilikuwa ng'ambo ya ziwa. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki chenye uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, ambacho ndicho kilichotoa shahada zake. Odinga alisoma huko katika miaka ya 1930, na mwanahistoria Bethwell Ogot, mzaliwa wa Gem, akafuata mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Idara ya Kiingereza ya Makerere ilifundisha kwa vikundi vidogo, na insha ya mwanafunzi ilisomwa na kujadiliwa. Silabasi yake ilikuwa ya Kiingereza hasa, kuanzia Shakespeare hadi washairi wa karne ya 19, na wakosoaji wa baadaye wamekuwa na haki ya kuuliza kijana wa Asembo alihusikaje na mandhari ya mashamba ya Uingereza. Hata hivyo, jambo moja lililofanyika hapo linastahili kuangaliwa upya. Mwaka 1958 idara ilianza kutoa jarida dogo, Penpoint, lililochapisha hadithi, mashairi na michezo ya wanafunzi. Mwaka 1965 David Cook alikusanya sehemu ya kazi hizo katika Origin East Africa, ikachapishwa na Heinemann.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia Makerere mwaka 1959 akitokea Limuru, ndiye mfano unaojulikana zaidi. Hadithi zake za mwanzo zilitoka katika Penpoint. Aidha, kati ya mwaka 1961 na 1964 aliandika makala mengi katika magazeti ya Nairobi, hasa Sunday Nation. Hivyo, katika miaka ileile ambapo mhadhiri alimtaka insha, mhariri wa gazeti alimtaka makala, na jarida la idara lilimtaka hadithi. Muda wa wiki ulikuwa uleule, lakini wasomaji walikuwa watatu. Wenzake kama Jonathan Kariara, John Nagenda na Peter Nazareth walipitia mlango huohuo.

Hapa inafaa kutoa hoja ya kihakiki. Fasihi ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilichanua kwanza katika hadithi fupi, na mara nyingi hadithi hizo zina umbo linalofahamika: tukio moja, wahusika wachache, mgogoro unaofumbuliwa katika kurasa chache, na mwisho wenye fundisho au kinaya. Sababu nyingi zimetolewa, ikiwamo athari ya ngano za fasihi simulizi. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Umbo hilo ni umbo la insha ya wiki pia. Urefu wake ni urefu wa kazi inayoweza kuandikwa kati ya Jumatatu na Ijumaa, na kusomwa mbele ya wenzake mwandishi kwa kikao kimoja. Ngano ilitoa mifano, na daftari likatoa kipimo.

Mfano wa Grace Ogot unathibitisha kwamba chuo kikuu hakikuwa njia pekee. Grace Ogot, mwenye asili ya Asembo, alisomea uuguzi Mengo na London, hakusomea fasihi. Kati ya mwaka 1955 na 1958 alifanya kazi katika BBC kama mwandishi na mtangazaji, na baadaye akafanya kazi ya maendeleo ya jamii Kisumu. Mwandishi wa redio hana anasa ya kungoja msukumo wa moyo. Kipindi kina siku yake, na wasikilizaji wanangoja. Mwaka 1962 alihudhuria mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere na akasoma hadithi yake, ambayo ilichapishwa mwaka uliofuata katika jarida la Black Orpheus. Riwaya yake The Promised Land ilitoka mwaka 1966, na mkusanyiko Land Without Thunder mwaka 1968. Nidhamu ya kuandika kwa ratiba alikuwa nayo, na msomaji alikuwa naye. Alichokosa ni kalamu nyekundu tu, na hakuna dalili kwamba ukosefu huo ulimdhuru.

5.0 Kisumu Baada ya 1968: Zoezi Lapata Chanzo Kipya

Mwaka 1965 Taban lo Liyong alichapisha katika East Africa Journal makala yaliyouliza kama ukame wa fasihi katika Afrika ya Mashariki ungeweza kuponywa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 24 Oktoba 1968, yeye pamoja na Ngũgĩ na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi iondolewe na mahali pake pawekwe idara ambayo kitovu chake ni fasihi ya Afrika. Waraka huo husomwa kwa kawaida kama suala la vitabu: visomwe vipi na kwa mpango gani. Lakini ulihusu uandishi pia, kwa kuwa ulitaka fasihi simulizi ifundishwe na kuchunguzwa, na fasihi simulizi haikuwa katika maktaba. Ilipaswa kukusanywa, kunukuliwa na kufasiriwa na wanafunzi wenyewe.

Mwaka huohuo Okot p'Bitek, ambaye Song of Lawino yake ilikuwa imetoka mwaka 1966, alifika Kisumu kufanya kazi katika kituo cha masomo ya nje cha chuo cha Nairobi. Mwishoni mwa mwaka 1968 aliandaa tamasha la sanaa mjini humo. Elimu ya aina hiyo iliwahusu watu wasiokuwa wanafunzi wa kutwa: walimu wa shule za msingi, makarani na wafanyakazi wa serikali waliosoma jioni baada ya kazi. Kwa Okot, ngoma, wimbo na mchezo wa jukwaani vilikuwa maarifa, si burudani ya kujaza nafasi baada ya mihadhara. Mwandishi wa kazi ya jukwaani hapimwi kwa alama za pembeni mwa karatasi, kwani hadhira humwonyesha papo hapo kama amesikika.

Mkutano wa walimu uliofanyika Nairobi mwaka 1974 kuhusu ufundishaji wa fasihi mashuleni uliimarisha mwelekeo huo, na fasihi simulizi ikaingia katika silabasi za sekondari. Asenath Bole Odaga, aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliandika pamoja na S. Kichamu Akivaga kitabu cha kufundishia fasihi simulizi kilichotoka mwaka 1982. Alianzisha pia kampuni ya uchapishaji mjini Kisumu, Lake Publishers, iliyotoa vitabu vya Kiingereza na vya Dholuo. Grace Ogot naye aligeukia Dholuo, akatoa Ber Wat mwaka 1981 na Miaha mwaka 1983.

Kazi ya kukusanya ngano ilibadilisha asili ya zoezi la uandishi wa Kiingereza kwa namna ambayo haijathaminiwa vya kutosha. Mwanafunzi aliyetumwa kwao Seme au Alego kurekodi ngano kutoka kwa bibi yake alirudi na kitu ambacho mhadhiri hakukijua. Alipokifasiri kwa Kiingereza, matatizo aliyokumbana nayo yalikuwa ya kweli: afasiri vipi methali yenye mzaha wa sauti, aweke wapi mwitikio wa wasikilizaji, atumie wakati gani wa kitenzi. Makosa ya sarufi hayakupotea, lakini yaliacha kuwa habari kuu. Mwanafunzi alikuwa na jambo la kusema na mhadhiri alikuwa na sababu ya kusoma. Isitoshe, lugha ya mama, ambayo katika shule nyingi iliadhibiwa kwa mtoto kuvishwa kidude cha aibu shingoni, ikawa chimbuko la maandishi yake ya Kiingereza badala ya kuhesabiwa kuwa adui yake.

6.0 Mfumo wa 8-4-4 na Stadi za Mawasiliano

Tume ya Elimu iliyoongozwa na Simeon Ominde mwaka 1964 ilikubali Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Chini ya mfumo uliofuata, mwanafunzi alipitia kidato cha tano na cha sita kabla ya kwenda chuo kikuu. Katika miaka hiyo miwili aliandika insha nyingi, zikiwamo zile za somo la maarifa ya jumla lililokuwa sehemu ya mtihani wa kiwango cha juu. Madarasa yalikuwa madogo, na mwalimu aliwajua wanafunzi wake kwa majina.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka 1985, uliondoa vidato hivyo viwili. Katika sekondari Kiingereza na fasihi viliunganishwa kuwa somo moja. Katika shule za msingi insha ya Kiingereza na ya Kiswahili zikawa sehemu ya mtihani wa mwisho, KCPE, uliofanywa hadi mwaka 2023. Faida ilikuwapo, kwani kila mtoto nchini alitunga insha kwa lugha mbili. Hata hivyo, insha ya mtihani ina msomaji asiye na jina wala sura, ambaye hutoa alama na hajibu. Mashuleni ukazuka utamaduni wa kukariri vianzio vilivyopambwa na misemo mizito, ili kumpendeza msomaji huyo.

Mwaka 1990 vyuo vikuu vya umma vilipokea wahitimu wa kwanza wa 8-4-4, pamoja na wale wa mwisho wa mfumo wa zamani. Idadi ya wanafunzi iliongezeka ghafla, na vyuo vikaweka kozi ya lazima ya stadi za mawasiliano kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Jambo kama hilo lilikuwa limetangulia Tanzania, ambako Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha stadi za mawasiliano mwaka 1978, na ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ikaonyesha jinsi Kiingereza cha wanafunzi kilivyokuwa hakitoshi kwa masomo waliyofundishwa kwa lugha hiyo.

Ni katika kipindi hicho ndipo mwambao wa ziwa ulipopata chuo chake. Chuo cha walimu cha Siriba na taasisi jirani ya mafunzo ya serikali viliunganishwa kuwa Chuo cha Maseno, kikiwa kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2001 kikawa chuo kikuu kamili. Bondo nako, chuo kishiriki kilichoanzishwa chini ya Maseno mwaka 2009 kilipata hadhi kamili mwaka 2013, kikaitwa kwa jina la Jaramogi Oginga Odinga. Kwa mara ya kwanza kijana wa Nyanza aliweza kusoma hadi shahada ya uzamifu bila kuvuka ziwa wala kupanda Bonde la Ufa.

Hata hivyo, kozi za stadi za mawasiliano zilibeba kasoro tangu kuzaliwa kwake. Ziliundwa kwa imani kwamba uandishi ni stadi inayoweza kutenganishwa na jambo linaloandikwa. Mwanafunzi wa kemia, wa historia na wa ualimu walikaa katika ukumbi mmoja wakifundishwa aya, muhtasari na namna ya kuandika barua ya kuomba kazi. Idadi nayo ilifanya insha ya kila wiki isiwezekane. Mhadhiri mwenye wanafunzi 300, akitumia dakika 10 tu kwa kila insha, angehitaji saa 50 kila wiki kwa kusahihisha peke yake, kabla ya kutoa mhadhara hata mmoja. Matokeo yake zoezi likapunguzwa kuwa kazi moja au mbili kwa muhula, na mahali pengine likabadilishwa kuwa maswali ya kuchagua jibu.

Swali la kuuliza ni kama kilichopotea kilikuwa usahihishaji au usomaji. Mwaka 1996 John Truscott alizusha mjadala mkali alipodai kwamba usahihishaji wa sarufi katika madarasa ya uandishi wa lugha ya pili hauna faida na unaweza kudhuru. Dana Ferris alimjibu mwaka 1999, akitetea usahihishaji unaochagua makosa na kuyaeleza waziwazi. Mjadala huo haujaisha, lakini hakuna upande unaodai kwamba mwanafunzi aandike bila kusomwa.

7.0 Msomaji Aliyehamia Ng'ambo

Historia hii ina kinaya chake. Tangu miaka ya 2000, wahitimu na wanafunzi wengi wa vyuo vikuu vya Kenya wamekuwa wakiandika kwa malipo insha za wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Mwaka 2019 gazeti la New York Times liliandika habari zao, na mwaka 2024 filamu ya The Shadow Scholars, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, iliwaonyesha wakiwa kazini. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 2022 ilifanya kuwa kosa la jinai kutoa huduma ya namna hiyo kwa wanafunzi wa vyuo vya England.

Udanganyifu huo hauwezi kutetewa, na anayenunua insha anajinyima elimu aliyoilipia. Lakini mhakiki hana budi kuutazama ushahidi. Kijana ambaye nyumbani alihesabiwa kuwa hajui kuandika aliandika insha kwa muda wa saa chache, juu ya mada aliyoiona kwa mara ya kwanza, na insha hiyo ikapata alama nzuri katika chuo cha mbali. Inaweza kusemwa kwamba walioifanya kazi hiyo walikuwa hodari kuliko wenzao, na hilo ni kweli kwa kiasi. Hata hivyo wengi wao walipata uhodari huo kazini, kwa kuandika mara kwa mara, kwa tarehe isiyosogezwa, mbele ya mteja aliyerudisha kazi isiyomridhisha. Masharti ya insha ya wiki yalikuwapo yote. Kilichokosekana ni jina la mwandishi.

Kuenea kwa programu za kompyuta zinazotunga maandishi tangu mwishoni mwa mwaka 2022 kumetikisa biashara hiyo, na kumetikisa pia insha ya darasani. Insha isiyo na msomaji, inayoandikwa ili ihesabiwe tu, sasa inaweza kutolewa na mashine kwa dakika moja. Mhadhiri anayeagiza insha ya namna hiyo hana hoja ya kumpa mwanafunzi kwa nini ajisumbue.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefuata zoezi la uandishi wa Kiingereza kutoka Maseno ya mwaka 1906 hadi vyuo vikuu vya leo. Imeonekana kwamba viongozi wa Piny Owacho, waandishi wa Penpoint, Grace Ogot katika redio na wakusanyaji wa ngano wa miaka ya 1970 na 1980 walitofautiana katika elimu na shabaha, lakini kila mmoja alijua anamwandikia nani. Imeonekana pia kwamba zoezi lilipungukiwa na nguvu kila mara msahihishaji, mtahini au mteja aliposimama kati ya mwandishi na wasomaji wake.

Yafuatayo yanaweza kufanywa bila kungoja mtaala mpya. Kwanza, darasa la wanafunzi 300 ligawanywe katika vikundi vya watu kumi, na insha ya wiki isomwe kwa sauti ndani ya kikundi kabla ya kukabidhiwa, huku mhadhiri akisahihisha chache kwa zamu. Pili, kila idara irudishe jarida dogo la wanafunzi, hata kama ni la kurasa chache zilizotolewa nakala na kubandikwa ukutani. Tatu, mada zitokane na mambo ambayo mwanafunzi anayajua kuliko mhadhiri: soko la samaki la Dunga, kesi ya shamba kijijini, ngano ya Simbi Nyaima. Nne, mwanafunzi aruhusiwe kuandika rasimu ya kwanza kwa Dholuo, Kiluhya au Kiswahili, kisha aifasiri kwa Kiingereza, na tafsiri hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya kazi.

Wanafunzi wa Maseno waliogoma mwaka 1908 walidai kufundishwa kuandika. Warithi wao katika vyuo vya mwambao huohuo wanafundishwa kuandika kwa kozi ya lazima. Kazi iliyobaki kwa idara ni kuhakikisha kwamba wanachoandika kinasomwa.